Nywila Pekee Haifungi Faili: Somo Kuhusu Usimbaji Fiche Kwenye Kompyuta ya Nyumbani

Kompyuta ya nyumbani ikikataa kuwaka, mwenyewe huipeleka kwa fundi. Fundi hufungua kifuniko cha chini, huchomoa diski, huiunganisha na kompyuta nyingine kwa waya wa USB, na baada ya dakika chache picha za harusi, barua za kazi na daftari la chama huonekana kwenye skrini. Mteja hufurahi, hulipa na kuondoka na faili zake kwenye flashi. Ni wachache wanaojiuliza njiani: mbona fundi hakuomba nywila?

Hakuiomba kwa sababu hakuihitaji. Nywila inayoandikwa kompyuta inapowashwa ni kama bawabu aliyewekwa kwenye lango. Humzuia mgeni asiingie kwa kupitia lango hilo. Lakini faili zenyewe zimelala ndani ya diski zikiwa wazi, na diski ikishachomolewa na kuwekwa kwenye mashine nyingine, bawabu amebaki nyuma akilinda lango tupu. Anachokifanya fundi mwaminifu ili kumwokoa mteja, mwizi anaweza kukifanya vilevile, na waya wa kufanyia kazi hiyo unauzwa waziwazi katika maduka ya vifaa vya kompyuta.

Hatari hii si ya ofisi kubwa peke yake. Katika laptopu moja ya nyumbani huweza kupatikana nakala za vitambulisho vya familia nzima, PIN ya KRA, hati ya shamba iliyopigwa skani, taarifa za benki, na picha ambazo hazikukusudiwa macho ya watu. Mweka hazina wa chama huweka humo majina ya wanachama, nambari zao za simu na akiba ya kila mmoja. Mwalimu huweka alama za wanafunzi na anwani za wazazi. Mashine ikiibwa, hasara ya mashine huonekana siku hiyohiyo. Hasara ya kilichomo huchelewa, mpaka pale mtu anapopigiwa simu kuhusu mkopo ambao hakuuchukua.

Mfano uliojulikana sana duniani ulitokea Marekani mwezi Mei 2006, na ulitokea nyumbani kwa mtu. Wezi walivunja nyumba ya mfanyakazi wa idara ya serikali inayowahudumia wanajeshi wa zamani, katika jimbo la Maryland, wakachukua laptopu na diski ya nje. Mfanyakazi huyo alikuwa amezoea kubeba kazi nyumbani. Ndani yake mlikuwa na majina, tarehe za kuzaliwa na nambari za hifadhi ya jamii za watu wapatao milioni 26.5, na hakuna kilichokuwa kimesimbwa. Vifaa vilipatikana mwishoni mwa Juni, na uchunguzi wa FBI haukuona dalili kwamba faili ziliguswa. Hata hivyo, mwaka wa 2009 serikali ilikubali kulipa dola milioni 20 ili kumaliza kesi iliyofunguliwa na wanajeshi hao. Ulikuwa wizi wa kawaida wa nyumba, wa aina inayoripotiwa katika vituo vya polisi kila wiki. Kilichoufanya uwe janga la taifa ni kwamba yeyote aliyeshika diski ile angeweza kuisoma.

Kusimba ni nini

Kusimba ni kuyageuza maandishi kwa kufuata kanuni, ili asiye na ufunguo aone takataka tupu. Njia rahisi ya kulielewa jambo hili ni kalamu na karatasi. Chukua neno MAJI. Kila herufi isogezwe mbele hatua moja katika alfabeti ya herufi 26: M inakuwa N, A inakuwa B, J inakuwa K na I inakuwa J. Neno sasa linasomeka NBKJ. Kanuni ni kusogeza mbele. Ufunguo ni 1. Anayeujua ufunguo hurudi nyuma hatua moja na kulipata neno lake, na kazi hiyo ya kurudisha huitwa kusimbua.

Mwanafunzi wa gredi ya sita anaweza kuivunja siri hiyo kabla ya kengele ya mapumziko kulia, kwa sababu funguo zinazowezekana ni 25 tu. Atajaribu mmoja mmoja mpaka neno la Kiswahili litokee. Kwa hiyo ugumu wa siri hautokani na kanuni kufichwa. Unatokana na wingi wa funguo ambazo mwizi atalazimika kuzijaribu, na na kanuni isiyoacha njia ya mkato.

Kanuni inayotumiwa zaidi leo inaitwa AES. Ilibuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na mwaka wa 2001 ikatangazwa kuwa kiwango rasmi cha serikali ya Marekani baada ya shindano la wazi ambapo wataalamu wa nchi mbalimbali walialikwa kuzishambulia kanuni zote zilizowasilishwa. Imechapishwa, na yeyote anaweza kuisoma. Kilicho siri ni ufunguo peke yake.

Kanuni iliyoitangulia, DES ya 1977, ilikuwa na ufunguo wa biti 56, yaani mfuatano wa sufuri na moja zipatazo 56. Mwaka wa 1998 shirika la Electronic Frontier Foundation liliunda mashine maalumu ya kujaribu funguo hizo, na likaupata ule uliotafutwa kwa muda wa saa 56. Ufunguo mfupi kabisa wa AES una biti 128. Kila biti inayoongezwa huzidisha kazi ya mwizi mara mbili, na kutoka 56 hadi 128 ni kuizidisha mara mbili, kisha mara mbili tena, hadi raundi 72. Idadi ya funguo hufikia takriban 34 ikifuatwa na sufuri 37. Hakuna mashine iliyojengwa inayoweza kuzimaliza kwa kujaribu mmoja mmoja. Ndiyo maana wezi wa data hawahangaiki na AES yenyewe; hutafuta mahali ufunguo ulipowekwa.

Kinga iliyomo tayari

Simu nyingi zinazobebwa mifukoni zimeshasimbwa bila wenyewe kujua. Kuanzia Android 10 ya mwaka wa 2019, kila simu mpya inayotoka na mfumo huo hulazimika kuzisimba data za mtumiaji, hata zile za bei nafuu. Jambo la kushangaza ni kwamba nyumba ileile yenye simu nne zilizofungwa vizuri huwa na kompyuta moja iliyo wazi sebuleni, na karatasi zote muhimu za familia zimo humo.

Kompyuta nazo huja na kinga hiyo, isipokuwa mara nyingi haijawashwa. Windows ina aina mbili. Ya kwanza husimba faili au folda moja moja na huitwa EFS. Ilianza na Windows 2000. Ya pili ni BitLocker, iliyokuja na Windows Vista, na hii husimba diski yote: faili, majina yake, mafaili ya muda, na hata vilivyofutwa lakini bado havijafunikwa na vingine. Matoleo ya Windows yanayoitwa Pro yana zote mbili. Toleo la Home, ambalo ndilo lililo katika laptopu nyingi za nyumbani, halina EFS wala BitLocker kamili. Lina kitu kinachofanana nayo kinachoitwa usimbaji fiche wa kifaa, mradi mashine iwe na vifaa vinavyohitajika. Kompyuta za Apple zina FileVault, ambayo tangu 2011 husimba diski nzima, na kwenye Linux kama Ubuntu mtu huombwa achague kusimba diski wakati wa kuweka mfumo.

Kwa mtu wa kawaida, kusimba diski yote ni bora kuliko kusimba faili moja moja, na si kwa tofauti ndogo. EFS humtaka mwenyewe akumbuke ni folda ipi ina siri. Majina ya faili hubaki yakionekana, na jina kama «mkopo wa mama wa benki» tayari limesema mengi. Zaidi ya hayo, faili ya EFS ikiambatishwa kwenye barua pepe, huenda ikiwa wazi. Kuna mtego mwingine uliowaliza wengi: ufunguo wa EFS umefungamanishwa na nywila ya mtumiaji. Mtu akisahau nywila ya akaunti iliyo kwenye mashine, akampelekea fundi aibadilishe kwa nguvu, kompyuta itafunguka vizuri lakini zile faili zilizosimbwa hazitafunguka, isipokuwa cheti cha ufunguo kilikuwa kimehifadhiwa mahali pengine.

Diski nzima inapolindwa, ufunguo wenyewe hukaa wapi? Hakuna binadamu anayeweza kuandika biti 128 kila asubuhi. Katika kompyuta za miaka ya karibuni umewekwa chini ya ulinzi wa chipu ndogo iitwayo TPM. Mashine inapowaka, chipu hukagua kama hatua za kuwaka zimebadilishwa. Ikiridhika, huutoa ufunguo na Windows huendelea kama kawaida. Mtumiaji haoni chochote. Diski ikichomolewa na kupelekwa kwenye mashine nyingine, chipu ile haipo, na kinachosomeka ni takataka. Windows 11, iliyotoka 2021, huhitaji chipu ya aina hii ya toleo la 2.0, kwa hiyo mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya mfumo huo inayo.

Hapa ndipo nywila inaporudi kwenye hadithi. Mwizi aliyechukua laptopu nzima ana diski na chipu kwa pamoja. Akiiwasha, itajifungua yenyewe hadi kwenye ukurasa wa kuingia, na hapo kilichobaki kati yake na faili ni nywila. Nywila ikiwa 1234 au jina la mtoto wa kwanza, AES yote iliyotajwa hapo juu haina maana.

Kuhakikisha kama imewashwa

Kwenye Windows 11, mwenye kompyuta afungue mipangilio, aende sehemu ya faragha na usalama, kisha atafute usimbaji fiche wa kifaa. Kikiwepo kitufe, kiwashwe. Kisipokuwepo, ama mashine haina vifaa vinavyotakiwa, ama toleo ni Pro na BitLocker inapatikana katika paneli ya udhibiti. Anayejimudu zaidi anaweza kufungua dirisha la amri kama msimamizi na kuandika manage-bde -status. Jibu litaonyesha kila diski imesimbwa kwa kiwango gani na kama ulinzi umewashwa.

Mambo hayo mawili yaangaliwe yote. Laptopu nyingi mpya hutoka kiwandani diski ikiwa tayari imesimbwa kwa asilimia 100, lakini ulinzi haujawashwa. Windows husubiri mwenyewe aingie kwa akaunti ya Microsoft ili ufunguo wa dharura upate pa kuhifadhiwa. Kabla ya hapo, ufunguo umeachwa wazi ndani ya diski hiyohiyo. Ni sawa na kufuli iliyofungwa huku ufunguo wake ukining'inia kando ya mlango.

Kwa laptopu zilizotumika, zile zinazoagizwa kutoka ng'ambo na kuuzwa mijini, ukaguzi huu una uzito zaidi. Nyingi ni za zamani, na baadhi zimewekewa Windows upya na muuzaji. Mnunuzi asidhani kwamba kilichokuwa kimewashwa na mwenye awali bado kimewashwa. Tena ahakikishe akaunti iliyomo ni yake, si ya muuzaji, kwa sababu ufunguo wa dharura hufuata akaunti.

Mwenye toleo la Home kwenye mashine isiyokubali usimbaji wa kifaa hajakosa kabisa. Hati moja moja za Word na Excel zinaweza kufungwa kwa nywila ndani ya programu zenyewe, na tangu toleo la Office la 2007 kufunga huko hutumia AES. Si sawa na kulinda diski nzima, lakini daftari la chama lililofungwa hivyo, kwa nywila ndefu, halitasomwa na aliyeokota flashi kwenye matatu.

Ufunguo wa dharura

Sehemu hii ndiyo inayowaumiza watu, na ndiyo inayorukwa zaidi. Usimbaji mzuri haubagui. Hautambui tofauti kati ya mwizi na mwenyewe aliyepoteza ufunguo. Fundi yule wa mwanzo, aliyeokoa picha za harusi kwa waya wa USB, hawezi kuziokoa tena diski ikishasimbwa, hata akilipwa mara kumi, mpaka apewe ufunguo. Hiyo ndiyo bei ya kinga hii, na ni vyema mtu aijue kabla ya kuiwasha.

BitLocker hutengeneza ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Kompyuta huuomba pale chipu inapoona kitu kimebadilika: fundi amebadilisha bodi kuu, programu ya msingi ya mashine imesasishwa, au mpangilio wa kuwaka umeguswa. Wakati mwingine huuomba asubuhi ya kawaida baada ya kusasisha mfumo, na hapo ndipo mtu anapoona skrini ya buluu ikidai tarakimu 48 ambazo hajawahi kuzisikia. Wengi hudhani wamevamiwa na wadukuzi. Hawajavamiwa. Kompyuta inataka tu kuhakikishiwa kwamba aliye mbele yake ndiye mwenyewe.

Aliyeingia kwa akaunti ya Microsoft ataupata ufunguo huo kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, kwenye anwani aka.ms/myrecoverykey. Hilo linamaanisha nywila ya akaunti hiyo nayo lazima ikumbukwe. Si watu haba ambao akaunti zao zilifunguliwa na kijana wa saiba au na muuzaji dukani, kwa anwani ya barua pepe iliyobuniwa papo hapo, na hakuna aliyeiandika mahali. Kwa watu hao, ufunguo upo, lakini uko nyuma ya mlango mwingine ambao nao hauna ufunguo.

Kwa hiyo ni busara kuuchapisha au kuunakili kwa mkono siku ileile ya kuwasha usimbaji. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na hati ya shamba na vyeti vya kuzaliwa, mbali na mkoba wa laptopu. Kuna wanaoubandika chini ya laptopu kwa karatasi ya gundi ili usipotee, mwizi atawashukuru. Kompyuta ikiwa ya chama au ya kikundi, nakala ya pili ya karatasi ikae kwa mwenyekiti au katibu, ndani ya bahasha iliyofungwa. Mweka hazina akifariki au akihama, kikundi kisibaki na diski iliyojaa hesabu zake ambazo hakuna anayeweza kuzisoma.

Na kabla ya kumkabidhi fundi mashine iliyosimbwa, mwenyewe anaweza kuusimamisha ulinzi kwa muda kupitia BitLocker, kisha aurudishe kazi ikiisha. Afanye hivyo tu ikiwa fundi ni wa kuaminika, maana katika muda huo diski inasomeka. Kazi ikiwa ni kubadilisha skrini au kibodi, hakuna sababu ya kuusimamisha, na wala hakuna sababu ya kumpa fundi nywila.

Juu ya yote haya, nakala za akiba hazina mbadala. Diski iliyosimbwa huharibika kama diski nyingine yoyote, na ikiharibika ni vigumu zaidi kuokoa kilichomo. Faili muhimu ziwe na nakala kwenye diski ya nje, nayo isimbwe pia. Toleo la Pro linaweza kusimba flashi na diski za nje, na diski iliyosimbwa hivyo hufunguka hata kwenye kompyuta yenye toleo la Home mtu akiwa na nywila yake.

Mahali kinga inapokomea

Usimbaji wa diski hulinda data iliyolala. Mwenyewe akishaingia, kila faili anayoifungua husimbuliwa, na programu yoyote inayoendeshwa kwa jina lake huiona kama anavyoiona yeye. Kirusi kilichoingia kupitia kiambatisho cha barua pepe hakizuiwi na BitLocker. Programu za kutoza fidia, kama WannaCry iliyosambaa katika nchi nyingi Mei 2017, huzisimba faili za mtu mara ya pili kwa ufunguo wa mhalifu, kwa elimu ileile ya hesabu iliyokusudiwa kumlinda. Dhidi ya hizo, kinachosaidia ni kusasisha mfumo na kuwa na nakala ya akiba isiyounganishwa na mashine.

Vilevile, anayemwachia mgeni laptopu ikiwa imefunguliwa amemwachia kila kitu. Hata mashine iliyofungwa skrini lakini haijazimwa ina udhaifu wake, kwa kuwa ufunguo uko ndani ya kumbukumbu ya muda wakati huo. Mwaka wa 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walionyesha kwamba chipu za kumbukumbu hubaki na yaliyomo kwa sekunde kadhaa baada ya umeme kukatwa, na kwa muda mrefu zaidi zikipozwa, kiasi cha kuweza kuusoma ufunguo. Kibaka wa kituo cha basi hafanyi mambo hayo. Lakini kuizima kabisa laptopu kabla ya safari, badala ya kufunika kifuniko tu na kuiacha imelala, hakugharimu kitu.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikaiwekea haki hiyo taratibu. Sheria hiyo haimgusi mtu anayehifadhi picha na hesabu za nyumba yake kwa matumizi ya kifamilia. Humgusa pale anapobeba nyumbani taarifa za watu wengine kwa sababu ya kazi: bwana shamba na orodha ya wakulima, karani wa shule, mhudumu wa zahanati ya kibinafsi, ajenti wa nyumba za kupanga.

Taarifa hizo zikifikiwa na mtu asiyeruhusiwa, na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwa wahusika, taasisi iliyozishika hutakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kufahamu, na kuwajulisha wahusika wenyewe. Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kipi kiwe kidogo. Sheria hiyohiyo inautaja usimbaji fiche miongoni mwa hatua za ulinzi, na inasema kwamba wahusika si lazima wajulishwe iwapo taarifa zilizopotea zilikuwa na kinga ya kutosha, ukiwemo usimbaji huo. Kwa mwalimu mkuu au mwenye zahanati, hiyo ndiyo tofauti kati ya kuripoti laptopu iliyoibwa na kuwapigia simu wazazi au wagonjwa mmoja baada ya mwingine.

Kompyuta inapouzwa

Kufuta faili hakuziondoi kwenye diski. Huondoa tu alama inayoonyesha zilipo. Watafiti wawili wa MIT nchini Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwanzoni mwa 2003, walinunua diski 158 zilizotumika. Ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa sawasawa. Katika nyingine walikuta barua za watu, taarifa za kitabibu na nambari zaidi ya 5,000 za kadi za benki.

Anayepanga kuuza au kumpa mtu laptopu yake ana njia nyepesi ikiwa diski imesimbwa tangu awali: kuirudisha mashine katika hali ya kiwandani na kuchagua kuondoa kila kitu. Ufunguo wa zamani hutupwa, na chochote kilichosalia kwenye diski hubaki takataka isiyosimbulika. Mwenyewe aiondoe pia mashine hiyo kwenye akaunti yake ya Microsoft au Apple. Ikiwa diski haikuwahi kusimbwa, achague usafishaji kamili unaoandika juu ya diski yote, ambao unaweza kuchukua saa kadhaa, au aichomoe diski na kuuza mashine bila hiyo.